Makampuni ya Utalii na Njaa ya Jirani

Msafiri atokaye Karatu na kupanda kuelekea Lango la Lodoare, kisha akauzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kushuka upande wa Serengeti, huwaona watoto kando ya njia. Wengine wachunga mbuzi, wengine wamesimama tu, mkono umenyooshwa. Motokaa ya watalii ikipunguza mwendo, dirisha hufunguliwa na boksi la chakula cha mchana hutolewa: nusu ya mkate, yai, ndizi, paja la kuku lililobaki. Mgeni husikia moyo wake umetulia. Dereva naye hakukosea, maana kutupa chakula mbele ya mwenye njaa ni vibaya zaidi. Lakini kesho yake watoto ni wengi kuliko jana, na saa yenyewe ni saa nne ya asubuhi, siku ya Jumatano, wakati wenzao wamo darasani.

Hatukusudii kumlaumu mgeni wala dereva. Tumeanza na boksi hilo kwa kuwa ndani yake umo ugonjwa wote tunaotaka kuutazama juma hili: sadaka itolewayo kwa haraka, na mtu asiyemjua apokeaye, hata ikamtoa mtoto shuleni. Na kando ya barabara ile ile ziko hoteli, kambi na makampuni yenye watu wengi wa kazi: wapishi, mafundi, madereva, watunza ghala, makarani wa hesabu, watu wa bustani. Wengi wao ni wana na binti wa vijiji hivyo hivyo. Twauliza basi: je, kampuni yaweza kuutumia ujuzi na moyo wa watumishi wake kupigana na njaa iliyo mlangoni pake? Nayo ifanye namna gani isije ikaharibu badala ya kujenga?

Wasomaji wetu walio mbali hushangaa wakisikia habari za njaa katika nchi hiyo. Miteremko ya Karatu ni mizuri. Kahawa hustawi Oldeani. Ngano, mahindi, maharage na mbaazi hulimwa. Na kule chini Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, maji ya chemchemi huyanywesha mashamba ya vitunguu ambavyo malori huvichukua mpaka Kenya. Lakini mvua ya Karatu ni kigeugeu, na mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi yakawa vipande. Mwenye ekari moja au mbili huyauza mahindi yake mara tu yakivunwa, Julai na Agosti, wakati bei iko chini, apate kulipa madeni na kununua sare za watoto. Ikifika Februari huyanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Huyu si mvivu wala si mjinga. Amekosa mahali pa kuyaweka, na amekosa fedha za kungojea.

Juu ukingoni mambo ni mengine. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, wakati Wamasai walipoondolewa Serengeti nao wakaahidiwa kuishi huko pamoja na wanyama wa mwitu. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975. Mwaka 1992 kikaruhusiwa tena, bustani ndogo za kujikimu. Mwaka 2009 katazo likarudi. Tangu hapo mfugaji wa Ngorongoro, awe Mmasai au Mdatoga, hula unga wa kununua, naye huupata kwa kuuza mbuzi au ng'ombe. Hesabu yake ni rahisi, tena ni ya kutisha. Mvua ikinyesha vema ng'ombe amenona na ana bei, na gunia la mahindi lina bei ya kadiri. Ukame ukija ng'ombe hukonda, wafugaji wote hupeleka mnadani kwa wakati mmoja, bei huanguka. Na siku hizo hizo mahindi hupanda, kwa maana ukame ule ule umempiga na mkulima wa Karatu. Aliyehitaji ng'ombe mmoja kununua chakula cha mwezi sasa ahitaji wawili, naye amebakiwa na wachache. Ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliwaangamiza ng'ombe wengi mno kaskazini mwa Tanzania, na jamaa nyingi zilichukua miaka kujiinua. Tangu Juni 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Habari hiyo ina mabishano makubwa, nasi hatutaiingia leo. Waliobaki wana watoto, na mtoto hangoji mabishano yaishe ndipo aone njaa.

Sasa tuichukue kalenda ya utalii na kuiweka kando ya kalenda ya njaa. Hapo twaona jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijatazamwa vya kutosha.

Watalii wengi huja Juni mpaka Oktoba, kisha tena wakati wa Noeli na miezi ya Januari na Februari. Masika yakiingia, Aprili na Mei, vyumba hukaa vitupu. Hoteli nyingine hufungwa kabisa kwa majuma kadhaa. Nyingine huwapa watumishi likizo, na pengine likizo hiyo haina mshahara. Motokaa zenye nguvu ya magurudumu manne, zilizonunuliwa kwa fedha nyingi, hulala karakanani. Na Aprili hiyo hiyo ndiyo wakati ghala ya mkulima wa Karatu imekauka, na mahindi mapya yangali mabichi shambani. Huko juu kwa wafugaji maziwa yameanza kurudi, tumshukuru Mungu, lakini unga una bei kali, njia zina tope, na lori la kawaida halipiti. Hivyo katika miezi ile ile jirani ana njaa, mpishi hana wa kumpikia, fundi hana cha kutengeneza, na gari liwezalo kupita topeni limefunikwa turubai.

Hatusemi ya kwamba Aprili peke yake yatosha. Kwa mfugaji miezi mibaya zaidi ni ya mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli, na chakula cha miezi hiyo hakina budi kununuliwa Agosti, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Agosti hoteli zimejaa. Hakuna mtumishi mwenye nafasi, lakini fedha zipo. Kampuni iliyo na akili itayaunganisha mambo haya mawili. Aprili itatoa mikono: kukarabati ghala, kutengeneza majiko, kuwafundisha watunza stoo. Agosti itatoa fedha na kuijaza ghala ile ile. Mwezi wa Novemba watoto watakula kilichowekwa.

Lakini desturi iliyozoeleka ni nyingine. Kampuni hununua magunia 20 ya mahindi. Siku moja ya Jumamosi watumishi huvikwa fulana zenye jina la kampuni, hupakiwa katika motokaa, hufika shuleni, hupiga picha pamoja na watoto walioshika bakuli, mkuu wa kampuni hutoa hotuba, na saa tisa wote wamekwisha ondoka. Tufanye hesabu. Tuchukue shule ya watoto 400, kila mmoja apewe gramu 120 za unga wa mahindi na gramu 30 za maharage, kipimo cha kadiri sana. Kwa siku moja chungu kitahitaji kilo 48 za unga na kilo 12 za maharage. Kwa mwaka wa siku 194 za masomo ni magunia 93 ya mahindi na magunia zaidi ya 23 ya maharage. Yale magunia 20 ya kampuni, hata tukisahau makapi ya mashine, yamekwisha baada ya siku 41. Siku ya 42 chungu kimefunikwa, na picha ingali inaning'inia ukutani mapokezini.

Magunia 93 kwa sehemu kubwa yatatoka kwa wazazi wenyewe, kwa debe moja moja, kama mwongozo wa serikali juu ya chakula cha wanafunzi unavyowataka wachangie. Ndivyo ilivyo katika shule nyingi za nchi yetu. Lakini angalia wapi mahindi hayo hupotelea. Mzazi mmoja ameleta yaliyokauka, mwingine ameleta yenye unyevu, yote yamemiminwa pamoja. Stoo ni chumba kisichotumika, chenye dirisha lililovunjika na sakafu ya udongo. Baada ya miezi mitatu dumuzi wameingia. Mdudu huyu aliletwa nchini kwetu kutoka Amerika na kuonekana kwanza Tabora karibu na mwaka 1980. Wakulima wakampa jina la Scania, kama lori, kwa jinsi alivyobeba mali yao. Wadudu wakila sehemu moja tu katika kumi, shule yetu imepoteza magunia tisa, karibu nusu ya zawadi yote ya kampuni.

Tena liko baya kuliko dumuzi. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu, isiyoonekana kwa macho na isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafa. Manyara ni jirani wa Karatu. Basi anayechangia chakula cha watoto na asiulize kimewekwa wapi, aifikirie habari hiyo.

Sasa nani ajuaye kutunza ghala? Katika kila hoteli kubwa yuko mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni hiyo: kupokea vyakula, kuvipima, kuandika tarehe, kukitoa kwanza kilichoingia kwanza, kuweka mifuko juu ya mbao mbali na ukuta, kuziba tundu la panya. Mtu huyo akikaa siku tatu na mwalimu wa stoo na akina mama wawili wa kamati ya shule, amewapa kitu ambacho magunia 20 hayawezi kuwapa. Awaonyeshe na jaribio la chupa: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kiasi cha theluthi na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, itikise vema, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi yangali na unyevu. Yarudishwe juani juu ya turubai safi. Isiposhika, yafaa kuwekwa. Fedha ya kampuni inunue mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya bati, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi bila dawa yo yote.

Vivyo hivyo kwa kazi nyingine. Fundi wa karakana aijua mashine ya kusaga ya kijiji inayolala mwezi mzima kwa ukosefu wa mkanda au beringi, na akina mama wakatembea kilomita nyingi na debe kichwani. Fundi wa bomba na pampu hahitaji kufafanuliwa, maana pasipo maji hakuna uji. Mwashi wa hoteli awezaye kujenga jiko la kuokea mikate ataweza kujenga jiko banifu la chungu cha lita 100, litumialo kuni chache. Jambo hili si dogo mahali ambapo kuni zinatafutwa karibu na nyati na tembo. Mpishi anajua kupika kwa watu 200 chakula kikaiva kwa saa moja na kisimdhuru mtu. Karani wa hesabu atafundisha daftari la stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi mbili. Twathubutu kusema ya kuwa daftari hilo limeokoa chakula kingi kuliko hotuba zote zilizopata kutolewa juu ya njaa, kwa sababu mzazi akiliona hurudi na debe la pili, na asipoliona hunung'unika na kukaa nyumbani.

Mtu wa bustani naye ana kazi, lakini Karatu tu. Huko atawasaidia walimu kupanda mchicha, sukuma wiki, mipapai na viazi vitamu vya njano. Ndani ya hifadhi bustani haziruhusiwi, na hata jengo la ghala halijengwi bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Kampuni ifanyayo kazi humo yayajua masharti hayo kuliko mwanakijiji, nayo ina karani wa kuandika barua. Kuifuata barua ya kibali mpaka ijibiwe ni kujitolea pia, ingawa hakuna atakayepiga picha.

Hapa pana jambo ambalo twaliona ni kubwa kuliko yote, nalo ni hili: nani ataamuru? Watu wa nchi hiyo hawakungoja makampuni kuwafundisha kusaidiana. Msaragambo wajulikana Karatu kama mahali pengine pote. Wamasai wana desturi yao iitwayo ewoloto, ambayo kwayo ndugu na jamaa humchangia mifugo mtu aliyefilisika, naye akasimama tena kama mfugaji badala ya kuwa ombaomba. Mradi wa Ereto, uliosaidiwa na Denmark huko Ngorongoro tangu mwisho wa miaka ya 1990, uliifuata desturi hiyo katika kuwarudishia mifugo maskini, na wazee wenyewe ndio waliotaja nani amefilisika kweli. Kampuni iige hapo. Isije na shauri lililokwisha kupikwa Arusha au Dar es Salaam. Iende kwa serikali ya kijiji, kwa mwalimu mkuu, kwa kamati ya shule. Iwaulize wauguzi wa Hospitali ya Endulen, iliyo chini ya Jimbo Kuu la Arusha, ni vijiji gani vinavyoleta watoto waliodhoofika. Iulize jumuiya ndogo ndogo, maana hizo zajua ni nyumba gani ambayo moshi haujaonekana tangu juzi. Hazitaitangaza nyumba hiyo kwa mgeni, wala mgeni asitake itangazwe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni nyingi za utalii zimekuwa wageni wa nchi hiyo kwa miaka 20, 30 na zaidi. Wakati wa kupewa jembe umefika zamani, ila mwenye shamba ndiye amwonyeshaye mgeni tuta la kulima. Na ufunguo wa ghala ukae kijijini.

Tuseme na neno juu ya watumishi wenyewe, kwa kuwa wao mara nyingi husahauliwa katika mipango hii mizuri. Mama afanyaye usafi wa vyumba huamka saa kumi ya usiku. Siku yake moja ya mapumziko ndiyo siku ya kufua, ya kupalilia, ya kumpeleka mtoto zahanati, na ya kwenda Misa. Kampuni ikimwambia siku hiyo avae fulana akajitolee, nani aliyetoa? Mama ametoa, kampuni imechukua, tena imepata sifa kwa kitu kisicho chake. Kama kampuni yataka kutoa, itoe saa zake, yaani saa za kazi, zenye mshahara kamili, na chakula cha mchana, na bima kama mtu akiumia. Katika nchi za Ulaya na Marekani makampuni mengi huwapa watumishi siku moja au mbili za namna hiyo kila mwaka. Kwetu, kwa sababu ya msimu mtupu wa masika, yawezekana kutoa hata kumi, na kampuni isipate hasara kubwa. Mtumishi ambaye angekaa nyumbani Aprili bila mshahara atabaki katika orodha ya malipo, akienda shuleni na patasi yake badala ya kwenda hotelini.

Na asiyetaka asilazimishwe, wala jina lake lisiandikwe mahali. Kujitolea kwa amri ya bwana mkubwa kwaitwa kwa jina jingine, na wazee wetu walioishi zama za ukoloni walijua jina hilo.

Kabla ya hayo yote, mshahara. Yafaa wenye makampuni wajiulize kwa siri kama wapagazi wao, vibarua wao wa kahawa, wafua nguo wao, hula mara ngapi kwa siku nyumbani. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alifundisha mwaka 1891, katika barua yake juu ya hali ya wafanya kazi, ya kwamba ujira wapaswa kutosha kumweka mtu katika maisha ya kiasi. Mwenye kumpunja kibarua Ijumaa na kugawa uji Jumamosi amegawa uji wa kibarua. Mwaka 2020 tulijifunza jinsi umbali ulivyo mdogo kati ya mlaji na mwenye njaa: watalii walioingia Tanzania walikuwa kama 1,527,000 mwaka 2019, nao wakashuka mpaka 621,000 hivi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Karatu nzima ilinyamaza. Wapishi waliokuwa wakitupa mabaki ya karamu walirudi kwenye ekari ya baba zao, na wengine hawakuwa na ekari. Ghala ya kijiji ingekuwapo, ingekuwa ghala yao pia.

Tusidhani kwamba habari hizi ni ndoto. Mwaka 1967 katika mji wa Phoenix, Marekani, mtu mmoja aitwaye John van Hengel alikuwa akijitolea jikoni kwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, wanaolisha maskini. Akasikia habari za mama mwenye watoto wengi aliyekuwa akiokota chakula nyuma ya maduka makubwa, chakula kizima kilichotupwa kwa kuwa hakikupendeza machoni. Parokia ya Mtakatifu Maria ikampa jengo kuukuu na dola 3,000, naye akaanza benki: wenye ziada waweke, wenye haja watoe. Benki za namna hiyo sasa zimeenea duniani, na Kenya jirani zetu wanayo. Maduka hutoa chakula, lakini wanaokipanga, kukikagua na kukipakia ni watu wa kujitolea wajao siku ile ile kila juma. Wengine wametumwa na makampuni yao.

Karatu haina maduka ya ukubwa huo, na mabaki yaliyopikwa hotelini hayasafiri vema. Saa nne tu za joto zatosha kuyageuza kuwa ugonjwa. Mpishi mwaminifu atawaambia hivyo. Ziada ya Karatu ni ya namna nyingine. Ni siku za Aprili, ni spana, ni turubai, ni nafasi tupu nyuma ya motokaa ipandayo kumchukua mgeni mmoja.

Kenya ilitupa na mfano mwingine. Julai 2011 ukame ulipoipiga Turkana na nchi kavu za kaskazini, Safaricom, benki ya KCB, wenye magazeti na redio, na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Watu wadogo walituma fedha kidogo kidogo kwa simu, na lengo la shilingi milioni 500 za Kenya likapitwa. Yalikuwa mapendo makubwa, nasi twayasifu. Lakini mchango wa namna hiyo huja wakati mifupa imekwisha onekana magazetini. Kazi tunayoisema hapa ni ya mwaka ambao hakuna gazeti linaloandika habari za njaa, nayo ni ngumu zaidi kwa sababu hiyo.

Wako watakaotujibu ya kuwa makampuni hulipa kodi na ushuru mkubwa wa hifadhi, na kwamba kulisha watoto ni kazi ya serikali na ya wazazi. Hulipa, ni kweli. Na serikali isisahau wajibu wake kwa sababu ya fundi mmoja wa hoteli. Mwanakijiji adai haki yake barazani kama zamani. Ila barabara ipitayo mtalii hupita mbele ya shule, na mashine ya kijiji iliyoharibika haiulizi ni nani aliyepaswa kuitengeneza.

Wasomaji wetu wa Mufindi kwenye chai, wa Kilombero kwenye miwa, wa Geita kwenye dhahabu, na ninyi mlio katika benki na viwanda vya mijini, msisome habari hizi kama za Karatu tu. Kila kazi ina msimu wake mtupu, hata kama ni majuma mawili, na kila kampuni ina kijiji chake. Baba au mama aliye na sauti kazini alipeleke jambo hili kwa wenzake kwanza, kabla halijafika kwa mkubwa, ili lisishuke kama amri.

Kwa wale wa Karatu na Ngorongoro tungeshauri waanze na shule moja, wasizidishe, na waanze mapema. Mahesabu ya makampuni hufungwa mwisho wa mwaka. Likizo za masika hupangwa Februari. Kibali cha hifadhi huchukua muda wake. Hivyo kamati ya shule ialikwe kabla ya Noeli, iseme yenyewe inahitaji nini. Na mkuu wa karakana aulizwe siku hiyo hiyo ni motokaa ngapi zitakazolala mwezi wa Aprili, na ni ipi kati ya hizo iwezayo kufika Endulen mvua ikinyesha.